Neno la silabi 12: mwongozo kamili wa kugawa na kutamka neno refu la kitabibu

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kufungwa kwenye pindo la khanga pamoja na noti ya elfu mbili. Shangazi aliifungua barazani kwake, Ngamiani, Tanga, akanisukumia bila kuuacha ukili aliokuwa akiusuka. "Si wewe msomaji wa redio? Haya, nisomee. Wanataka kunifanya nini hawa?"

Palikuwa na neno moja tu: Esophagogastroduodenoscopy.

Nimesoma taarifa za habari kwa miaka. Nimeshatamka majina ya marais wa nchi ambazo sijui hata ziko upande gani wa ramani. Nikavuta pumzi, nikaanza kama ninavyoanza neno lolote, kushoto kwenda kulia: eso... esopa... esopago-gasi... Nikakwama. Nikarudi mwanzo, nikakwama palepale. Shangazi hakuinua macho.

"Unalisoma kama mtu anayefumua mkeka kwa kuchomoa kindu mojamoja," akasema. "Tafuta mshono kwanza."

Kwa asiyejua: mkeka hausukwi wote kwa pamoja. Husukwa ukili, utepe mrefu mwembamba, kisha kili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Ukitaka kuufumua, hushiki jani moja moja. Unautafuta uzi wa mshono, unaukata, na mkeka unaachana wenyewe. Mwongozo huu wote umetoka kwenye sentensi ile ya shangazi. Watu wengi, na mimi nikiwamo siku ile, huanza na silabi. Silabi ni kazi ya tatu.

Kwa nini tunakwama

Si urefu. Mtoto wa darasa la pili Makorora atakwambia "wasingelitutengenezea" bila kumeza mate, na neno hilo lina silabi 10: wa-si-nge-li-tu-te-nge-ne-ze-a. Mgeni akiliona neno hilo huchanganyikiwa kabisa. Mtoto halioni refu kwa sababu anajua linaungana wapi: wale, hawakufanya, ingekuwa, sisi, tengeneza, kwa ajili yetu. Ulimi wake unapita kwenye viungo anavyovijua.

Sisi mbele ya neno la kitabibu tuko kama yule mgeni. Herufi tunazijua zote, viungo hatuvijui. Dawa yake si kuwa na ulimi wa Kizungu. Ni kujifunza viungo vichache, na habari njema ni kwamba ni vilevile vinavyorudi kila mahali.

Hatua ya kwanza: tafuta mishono

Maneno haya karibu yote yameshonwa kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini, na uzi wa mshono mara nyingi ni herufi o. Ukiona o katikati ya neno refu la hospitali, simama uitazame. Huenda ndiyo fundo. Gastr- ni tumbo. Likitaka kuungana na kipande kingine linavaa o, linakuwa gastro. Cardi- ni moyo, linakuwa cardio. Hepat- ni ini, linakuwa hepato.

Anza mkiani. Mkia ndio unaokuambia hili ni jambo la namna gani, kipimo, ugonjwa au upasuaji, na mikia haiko mingi. Scopy ni kutazama ndani kwa chombo. Graphy ni kuchora au kupiga picha. Logy ni elimu ya jambo. Ectomy ni kukata na kuondoa. Stomy ni kutoboa njia mpya. Itis ni sehemu kuvimba na kuwaka. Osis ni hali au ugonjwa, oma ni uvimbe, na emia (Waingereza huandika aemia) ni habari za damu. Ukishazishika hizo nane tisa, nusu ya karatasi za hospitali haitakutisha.

Vichwa navyo ni viungo vya mwili: nephro figo, pneumo mapafu, osteo mfupa, neuro neva, entero utumbo, cysto kibofu, derma ngozi, hemo damu. Usivikariri kwa siku moja. Kila karatasi inayopita mkononi mwako, chukua kimoja uondoke nacho.

Sasa turudi barazani. Mkia wa neno la shangazi ni scopy. Ukiuondoa kinabaki esophagogastroduodeno. Katikati unaonekana gastro, rafiki wa zamani. Kushoto kwake esophago, kulia kwake duodeno. Mishono mitatu, vipande vinne:

esophago / gastro / duodeno / scopy

Esophago ni umio, ile njia ya chakula kutoka kooni. Gastro ni tumbo lenyewe. Scopy ni kutazama. Duodeno ndilo lililonipa raha. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ni kumi na mbili. Herofilo, tabibu wa Kigiriki aliyefanya kazi Alexandria karibu na mwaka 300 kabla ya Kristo, aliupima mwanzo wa utumbo mwembamba akaukuta una urefu wa vidole 12 vikilazwa ubavu kwa ubavu. Akauita hivyo: vidole kumi na viwili. Kilatini kikalibeba jina, na leo tunasema duodeni.

Nilipomweleza hivyo, shangazi aliweka ukili chini kwa mara ya kwanza. "Wanda kwa wanda?" akauliza. Maana sisi neno tunalo: wanda ni upana wa kidole kimoja, na wingi wake ni nyanda. Msusi wa mikeka hupima kwa wanda, kwa shibiri na kwa dhiraa, si kwa rula. Akalaza vidole vyake vinne juu ya tumbo lake, akavihamisha, akavihamisha tena. Nne, nane, kumi na mbili. Ni kama sentimita 25 kwa vipimo vya siku hizi, na mkono wa shangazi haukuwa mbali sana.

Kwa hiyo neno lote ni hili: kutazama umio, tumbo na nyanda kumi na mbili. Ndicho kile kipimo cha kumeza mrija wenye kamera. Na kwenye karatasi nyingi kimefupishwa kuwa OGD. Ile O inatoka kwenye maandishi ya Kiingereza cha Uingereza, ambayo huanza na oe: oesophago. Wamarekani wameiangusha o wakabaki na e, ndiyo maana utalikuta neno hili kwa sura mbili. Matamshi ni yaleyale.

Hatua ya pili: geuza herufi kuwa sauti

Usigawe silabi kwa kuangalia herufi za Kiingereza, zitakudanganya. Kwanza liandike neno kwa sauti zake, kwa herufi zetu. Kiswahili kimeshafanya sehemu kubwa ya kazi hii zamani, ila hatukutambua.

Ph ni f, kama tulivyofanya kwenye famasi. Pn mwanzoni hupoteza p, ndiyo maana tunasema nimonia. Ps nayo hupoteza p, na tukapata saikolojia. Ch kwenye maneno ya Kigiriki si ch ya chai. Ni k, kama ilivyo kwenye kolera, klorini na kemia. Kosa la ch ndilo ninalolisikia zaidi kwa watu waliosoma vizuri: wanaona bronchitis, wanasema bronchi kama vile wanaita kuku. Ni bronkaitis. Rh ni r tu. X ikiwa mwanzoni ni z. Y katikati ya neno ni i au ai.

C na g zina tabia ya kigeugeu. Mbele ya a, o na u, c ni k na g ni g ya gari. Mbele ya e, i na y, c hugeuka s, na g mara nyingi hugeuka j. Ndani ya neno moja unaweza kuzikuta zote mbili: laryngology ina g mbili, ya kwanza ni ya ngoma, ya pili ni ya jioni.

Th tuachieni sisi watu wa pwani. Aliyelelewa na thamani, thawabu na methali hana haja ya kufundishwa th.

Neno letu basi linakuwa: esofago, gastro, duodeno, skopi. Tazama lilivyopungua ukali kwa kubadilisha ph, c na y tu.

Hatua ya tatu: sasa kata silabi

Silabi ya Kiswahili kwa kawaida huishia kwenye irabu: ba-ba, mwe-zi, nda-ni, m-bu-yu. Hata konsonanti zikirundikana, irabu huja kuzifunga, kama kwenye mbwa. Kwa hiyo ulimi wetu ukikutana na konsonanti iliyosimama peke yake bila irabu, unaona uchi, unaivisha. Gastro inakuwa gasitiro. Skopi inakuwa sikopi.

Hesabu hasara yake. Neno la shangazi kwa haki yake ni hili:

e-so-fa-go-gas-tro-du-o-de-nos-ko-pi

Silabi 12. (Ndiyo, kumi na mbili kama nyanda za utumbo. Sadfa tu, lakini ndivyo nilivyofanikiwa kulikumbuka.) Ukilivisha irabu za ziada linakuwa e-so-fa-go-ga-si-ti-ro-du-o-de-no-si-ko-pi, silabi 15, na msikilizaji aliyezoea lile la 12 atabaki anakutazama mdomo.

Sasa, usiniambie ulimi wa Mswahili hauwezi silabi iliyofungwa. Unasema lab-da. Unasema mak-ta-ba, dak-ta-ri, hos-pi-ta-li. Na ukiwa umepita chuo cha Kurani utotoni, unajua sukuni: kile kiduara juu ya herufi kinachosema "hapa hakuna irabu, gusa uondoke". Mwalimu wa chuo hakukuruhusu kuongeza i pale pasipo na i, na fimbo ya mkwaju ilikuwa karibu. Basi itie s ya gas sukuni ileile. Itie s ya nos. Gas-tro, kama hos-pi. Ukishaliona hivyo, tatizo la ulimi limekwisha. Lilikuwa la macho.

Pana jambo moja hapa linalowapoteza hata walimu. Mshono wa maana ulikuwa kabla ya s: duodeno / scopy. Lakini mkato wa sauti umepita baada ya s: nos-ko-pi. S imehama, imekwenda kulala nyumba ya jirani. Si ajabu ya Kigiriki. Kwetu ipo kila siku. Chakula kimetokana na ki, a na kula, lakini silabi ni cha-ku-la; mpaka kati ya ki na a umemezwa ndani ya cha. Mwembe ni m na embe, lakini tunasema mwe-mbe. Mishono hukusaidia kuelewa, mikato hukusaidia kutamka, na si lazima viangukie sehemu moja. Ndiyo sababu nasisitiza mpangilio: kwanza mishono, ndipo mikato. Ukianza na mikato utaona nos na hutajua ni nini.

Hatua ya nne: weka mkazo mahali pake

Hapa ndipo msomaji hujulikana. Unaweza kutamka silabi zote 12 bila kosa na bado usieleweke, kwa sababu mkazo umekaa vibaya.

Sheria yetu ni rahisi: mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mwa-LI-mu, ki-TA-bu, e-so-fa-go-gas-tro-du-o-de-nos-KO-pi. Hilo la mwisho ni kosa, na ndilo ulimi wako unataka kulifanya. Maneno yanayoishia na scopy, logy, graphy, ectomy na stomy hutaka mkazo wa tatu kutoka mwisho.

Nani amekwambia hatuujui mkazo wa tatu? Simama kona yoyote ya Ngamiani, mji uliopangwa kwa barabara za namba. Ukisema baraBAra, ni njia, na mtu atakuuliza ya ngapi. Ukisema baRAbara, ni sawasawa kabisa, na mtu atajibu "enhe!" Herufi zilezile, silabi zilezile nne, mkazo umerudi nyuma hatua moja na maana imegeuka. Huo ndio mkazo unaoutafuta.

Sema baRAbara. Sema tena. Sasa sema deNOSkopi. Ni wimbo mmoja.

Sema baRAbara halafu eSOfago. Wimbo uleule tena. Katikati kumebaki GAStro na DUo, maneno mafupi ya mapigo mawili mawili kama KAka na DAda. Kwa hiyo neno zima, lile lililoniangusha barazani, lina mdundo huu:

baRAbara, KAka, DAda, baRAbara

eSOfago, GAStro, DUo, deNOSkopi

Lisome mara tatu kwa sauti kabla ya kuendelea. Nzito kuliko zote ni NOS. SO, GAS na DU zinapata uzito mdogo, zilizobaki zinapita tu. Ukipotea, kumbuka kaka na dada wamekaa katikati ya barabara mbili. (Nakiri niliufundisha mdundo huu kwa kugonga meza mpaka chai ikamwagika.)

Mikia mingine ipo upande wetu. Itis, osis na oma hutaka mkazo wa pili kutoka mwisho, kama Kiswahili. HepaTAItis ni wimbo wa baraBAra, ile ya njia, mradi ile tai uiseme kwa pigo moja, si ta-i. Tuberculosis mkazo wake uko LO. Lakini iasis inarudi kundi la tatu: filariasis, ugonjwa wa matende na mabusha ambao pwani yetu inaujua sana, ni fi-la-RAI-a-sis. Kichocho, schistosomiasis, ni shis-to-so-MAI-a-sis (hapa ch haifuati ile kanuni ya k). Na pale katikati pameandikwa soma, ila haikuamuru usome. Ni mwili kwa Kigiriki. Schisto ni iliyopasuka. Jina la mdudu kwa sura yake. Wengine huuita bilharzia kwa jina la Theodor Bilharz, daktari wa Kijerumani aliyemgundua mdudu huyo Cairo mwaka 1851. Hilo angalau ni rahisi ulimini.

Neno moja kuhusu lafudhi. Waingereza humeza irabu zisizo na mkazo. Ko ya skopi kwao inasikika kama ka iliyochoka. Wapo wanaoiga. Mimi sioni faida. Irabu zetu tano ni safi, ziache safi. Weka mkazo mahali pake, usiongeze irabu, na daktari yeyote atakuelewa, awe wa Tanga au wa London. Mtu anayemeza irabu ili asikike Mzungu mara nyingi humeza na silabi pia.

Hatua ya tano: jenga kutoka mkiani

Ukilisoma neno refu kutoka mwanzo, unaanza na nguvu na kumaliza kwa kubabaika, kwa sababu sehemu usiyoizoea inakuja wakati pumzi imekwisha. Geuza. Anza mwisho, ongeza kwa nyuma, ili kila unaposonga uelekee sehemu uliyokwisha izoea.

pi
kopi
NOSkopi
deNOSkopi
DUo-deNOSkopi
GAStro-DUo-deNOSkopi
eSOfago-GAStro-DUo-deNOSkopi

Kila mstari useme mara tatu bila kukwama ndipo ushuke. Ukikwama, rudi mstari mmoja tu, usirudi mwanzo. Dakika tano zinatosha. Pumzi ivute mara moja kabla ya e, na kama ni lazima upumue katikati, pumua baada ya esofago. Usipumue kamwe kati ya de na nos, hata kama mshono wa maana uko hapo karibu. Neno litavunjika msikilizaji akilisikia.

Kwenye redio nilikuwa naandika neno kama hilo juu ya karatasi yangu kwa kalamu nyekundu, mistari mishazari kwenye vituo vya pumzi na herufi kubwa kwenye mkazo. Siku niliyojiona mjuzi nikaacha kuandika, nikasoma tangazo la kliniki ya masikio, pua na koo moja kwa moja hewani. Neno lilikuwa otorhinolaryngology. Nikatoka na kitu kilichofanana na jina la mji wa Urusi, fundi mitambo akazima maiki yake ili acheke vizuri.

Neno hilo lifanye zoezi lako la kwanza, kwa sababu lina mtego mzuri kwa Mswahili. Mishono: oto / rhino / laryngo / logy. Oto sikio, rhino pua (kifaru kwa Kiingereza ni rhinoceros, yaani pembe ya pua), laryngo zoloto, logy elimu. Geuza sauti: oto-raino-laringo-loji. Mtego ni ng. Sisi tunazo mbili, ng' ya ng'ombe na ng ya nguo, na tunazitofautisha tangu tumboni. Hapa ni ng ya nguo. Kata: o-to-rai-no-la-ri-ngo-lo-ji, silabi 9, mkazo NGO, wa tatu kutoka mwisho kama mkia wa logy unavyotaka. Mzungu itabidi agawe ng hiyo katika silabi mbili. Sisi tunaiweka nzima kwenye ngo, na hakuna anayeonewa.

La pili ni mashine ya presha, sphygmomanometer. Sphygmo ni pigo la mshipa, mano ni chembamba au hafifu, meter kipimo. Sfig-mo-ma-NO-mi-ta, silabi 6. Mwanzoni sf inataka kuvishwa i; usikubali. Ila kwenye maongezi sema tu mashine ya presha, watu wasije wakakuona unajitapa.

Wapo watakaokuletea neno la herufi 45 kukutisha: pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis. Usitishike. Lilitungwa mwaka 1935 na Everett M. Smith, mwenyekiti wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno huko Marekani, kwa makusudi ya kuwa refu. Madaktari husema silikosisi, ugonjwa wa mapafu unaoletwa na vumbi la silika. Lakini ukitumia mishono utaliweza: pneumono / ultra / micro / scopic / silico / volcano / coni / osis. Silabi 19, mkazo mkubwa kwenye o ya osis. Wajukuu wanalipenda.

Majina ya dawa: hapa usijiamini

Mbinu zote hizi zinafaa kwa dawa pia. Hydrochlorothiazide, ya presha, ni hai-dro-klo-ro-tha-ya-zaid, silabi 7, na haina ugumu ukishaiona hydro, chloro na thiazide. Lakini kwenye dawa kutamka ni kwa ajili ya mazungumzo tu, si kwa ajili ya kununua.

Tazama hizi mbili: chlorpromazine na chlorpropamide. Zote zinaanza klor-pro. Zote zina silabi nne. Ya kwanza ni ya maradhi ya akili. Ya pili ni ya kushusha sukari. Ukimtuma mtoto duka la dawa muhimu na jina kinywani, akifika ameshacheza gololi njiani, kilichobaki kichwani mwake ni klopro-kitu. Aliyepewa ya sukari bila kuwa na kisukari anaweza kuanguka.

Kwa hiyo mtume na karatasi au pakiti ya zamani. Muuzaji akikutajia jina, mwombe akuonyeshe lilivyoandikwa, ulinganishe herufi kwa herufi, hasa katikati na mwisho, kwa sababu mianzo hufanana sana. Si ushamba. Wafamasia wenyewe hulinganisha hivyo.

Kumwandikia asiyesoma Kiingereza

Mara nyingi hulisomi kwa ajili yako; unamsomea mzazi au jirani. Nilichomfanyia shangazi ni hiki. Juu nililinakili neno kama lilivyo kwenye karatasi ya hospitali, herufi kwa herufi, lisipotee. Chini yake, kwa herufi kubwa za mkono: eSOfago / GAStro / DUo-deNOSkopi. Chini kabisa, maana yake: kutazama umio, tumbo na mwanzo wa utumbo kwa kamera. Mistari mitatu, haizidi. Ukimwekea mistari kumi hataisoma, na msaidizi wake naye hataisoma.

Kama karatasi ni ndogo na inabidi neno likatike mwisho wa mstari, likate kwenye mshono, uweke kistari: esophago- juu, gastro chini. Usiache e peke yake mwisho wa mstari. Inaonekana kama kosa.

Maana iliposhajulikana, swali la shangazi lilibadilika lenyewe. Hakuuliza tena wanataka kunifanya nini. Aliuliza: "Kama wanatazama tumbo, si liwe tupu?" Ndivyo ilivyo, kwa kipimo hicho mgonjwa kwa kawaida huambiwa akae bila kula muda wa saa 6 hivi au zaidi, na maelekezo kamili hutolewa na watakaompima. Halafu akauliza habari ya dawa zake za presha, anywe au asinywe asubuhi hiyo. Hilo sikulijua, nikamwambia apige simu aulize, akapiga.

Kisha akanitaka nimfundishe. Tulianza na pi, tukapanda. Kwenye gastro alitia i mara mbili, nikamkumbusha sukuni, akakunja uso kama mwanafunzi wa chuo, hakuitia tena. Ilipofika deNOSkopi alikuwa anaisema huku vidole vinasuka, NOS ikiangukia pale anapokaza ukindu. Aliikunja karatasi mara nne, akairudisha kwenye pindo la khanga pamoja na ile noti, akafunga fundo.

"Na huyo wa kwanza kuupima kwa nyanda," akasema, "alikuwa msusi?"